Wasiokanyaga Mpira

Mtu wa Vesnova akikuta mpira wa maji umelazwa barabarani, haukanyagi. Hupunguza mwendo, hushuka mtaroni polepole, huupita kwa kando, kisha hupanda tena juu ya lami na kwenda zake. Hakuna aliyemfundisha. Alizaliwa akamkuta baba yake anafanya hivyo, na baba yake alimkuta babu. Katika nchi ile tambarare bwawa huwa upande mmoja wa barabara na ng'ombe upande wa pili, na kinachowaunganisha ni mpira huo. Lori likiupanda, mpira unapasuka. Ukipasuka, pampu inavuta hewa na kuungua, na ng'ombe wanalala na kiu.

Aliyewahi kukosea hakusahauliwa. Mwaka wa ukame mkubwa, baba yake Metro Wasylenko, akiwa na haraka ya kufikisha ngano ghalani, aliukanyaga mpira wa mzee Hnatiuk. Ng'ombe waliokufa walizikwa. Mzee Wasylenko naye alizikwa, baadaye sana. Jina tu ndilo lililokataa kuzikwa. Mpaka leo ukitaka kumtofautisha Metro huyu na Metro mwingine, unasema Metro wa Mpira, na mwenyewe anaitika.

Mjukuu wa yule mwenye ng'ombe ndiye aliyekuwa na kituo cha mafuta cha Vesnova. Aliitwa Orysia Hnatiuk, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia tangu utotoni. Shule ilikuwa imefungwa, benki imefungwa, posta imefungwa, na reli iling'olewa zamani mpaka mataruma yakawa nguzo za bustani za watu. Kilichobaki wazi ni kanisa, ukumbi, na pampu mbili za Orysia pamoja na duka lake, ambamo kulikuwa na meza ndefu ya wazee wanaokunywa kahawa kila asubuhi na kurusha dadu kujua nani atalipa. Barabara ya lami iliyotoka Brenholm ilipita mlangoni pake. Ilikuwa na mashimo ambayo ukiyataja kwa mtu wa mbali anadhani unamdanganya. Lakini ilikuwa lami, na lori la mafuta lilikuja.

Mwezi wa Mei, baada ya watu kumaliza kupanda, mpira mwembamba mweusi ulionekana umelazwa barabarani kidogo nje ya mji, upande wa Brenholm. Ulitokea kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Mpira ni mpira. Watu wakashuka mtaroni, wakaupita, wakapanda. Baada ya muda nyasi za mtaroni zililala, zikafanya njia mbili nzuri za magurudumu. Orysia aliona jinsi mpira wenyewe ulivyo mwembamba, akamhurumia mwenye nao. Akachukua koni mbili za rangi ya chungwa kutoka stoo, akaziweka kila upande, wageni wasije wakaupasua. Mwezi wa Juni mpira ukaondoka. Mtu fulani mwenye adabu alizirudisha koni dukani, akaziacha mlangoni.

Mwezi wa Agosti injinia wa idara ya barabara aliitisha mkutano ukumbini.

Alikuwa kijana aliyeitwa Keegan Amundsen, shati limenyooshwa vizuri, sauti ya upole. Alisimama mbele ya jukwaa ambako kila mwaka watoto waliigiza kuzaliwa kwa Yesu, siku zile watoto walipokuwepo.

"Barabara hii ni mbovu," alianza, "na nyinyi mnaijua kuliko mimi."

"Tunaijua kwa meno," alisema Metro kutoka viti vya nyuma. "Langu moja liko kwenye shimo la pale kwa Kowalchuk. Ukilikuta niletee."

Watu walicheka. Injinia naye alicheka, akasubiri wamalize, kisha akasema alichokuja kusema. Kuirudishia lami barabara yenye watumiaji wachache kiasi kile haikuwezekana. Idara ingeleta mashine ya kusaga, lami yote ingesagwa kuanzia Vesnova mpaka karibu na Brenholm, na barabara ingekuwa ya kokoto. Kokoto inayotunzwa, alisema, ni bora kuliko lami iliyokufa.

Orysia alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono kifuani. "Lori la mafuta haliji kwenye kokoto," alisema. "Kampuni ilishaniambia tangu mwaka juzi. Mawe yanapasua vioo, yanatoboa mabomba ya breki, hawataki. Lisipokuja, mimi nafunga. Nikifunga, huyu Metro atakwenda Brenholm kutafuta dizeli ya kumpeleka Brenholm."

"Nasikitika kwa hilo, mama. Kweli nasikitika. Lakini hesabu ndiyo imeamua."

"Hesabu gani?"

"Ya magari. Tulihesabu mwezi wa Mei. Siku nyingi magari yaliyopita hayafiki hata vidole vya mkono mmoja."

"Nani alikaa akahesabu? Mimi dirisha langu linaangalia barabara. Sikumwona mtu."

"Hatuweki mtu," alisema injinia. "Tunalaza mpira. Gari likiukanyaga, hewa inasukumwa ndani, kisanduku kinahesabu."

Ukumbi ukawa kimya. Si kimya cha watu wanaosikiliza, bali kile cha watu walioketi kanisani na mmoja wao amejamba. Kila mtu aliangalia viatu vyake. Mke wa Kowalchuk alianza kukunja kitambaa cha meza kilichokuwa kimekunjwa tayari. Orysia aliziona zile koni zake mbili za rangi ya chungwa kama zimesimama pale jukwaani, kila moja upande wake wa injinia.

Walikuwa radhi kukaa kimya. Hilo ndilo lililomtisha. Watu wa Vesnova walikuwa radhi kupoteza barabara yao kuliko kumwambia mgeni kwamba walishuka mtaroni, wote, mwezi mzima, kwa sababu ya adabu. Hata yeye makalio yake yalikuwa mazito kitini. Kisha akakumbuka mlio wa lori la mafuta likipunguza gia mlangoni pake, na akaufikiria mlango ule bila mlio huo. Akasimama.

"Kijana wangu, ule mpira hatukuukanyaga."

Injinia alimwangalia. "Hamkuukanyaga vipi?"

"Tulishuka mtaroni. Tuliupita kwa kando. Wote."

"Wote kasoro padri," alisema Metro. "Lakini yule si wa hapa. Hayo magari yako machache yote ni padri."

Mtu mmoja alikohoa, mwingine akacheka, na kicheko kikaenea ukumbini, kikubwa, cha aibu, mpaka wengine wakapangusa macho. Injinia hakucheka.

"Mama," alisema taratibu, "nimefanya kazi hii tangu nimalize chuo. Watu wanakanyaga. Kuna mji mmoja walikuwa wanapita, wanageuza, wanapita tena, ili waonekane wengi. Sijawahi kusikia watu wanaokwepa."

"Sasa umesikia. Na koni zilizokuwa pale ni zangu. Nilidhani ni mpira wa mtu."

Alimwamini. Orysia aliliona hilo machoni pake, na akaona pia kwamba kumwamini hakukubadili kitu. Mashine ilishakodiwa, alisema, na ingefika Jumanne ijayo. Wangeweza kukata rufaa. Majibu ya rufaa huja baada ya majira ya baridi.

"Barabara ikiwa imeshasagwa," alisema Orysia.

"Ndiyo," alisema injinia. Angalau hakuzungushazungusha.

"Hiyo Jumanne mtafunga barabara?"

"Hatuwezi. Hakuna njia nyingine ya kuwapitisha watu, na sheria haituruhusu kuwazuia. Tutaweka mtu wa kibao. Magari yaliyofika yanapita kwanza. Barabara ikiwa tupu, mashine inaanza." Kisha, labda kwa kutaka kuupoza ukumbi, alijaribu kutabasamu. "Na kwa hesabu tuliyonayo, haitachukua muda kuwa tupu."

Hakuna aliyetabasamu naye.

"Umesema ikiwa tupu," alisema Orysia.

"Ikiwa tupu."

"Basi sawa. Na mpira wako, uje nao."

Asubuhi iliyofuata meza ya kahawa ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya makreti ya soda. Dadu zilikuwa mezani na hakuna aliyezirusha. Metro ndiye aliyekuwa na mpango, na alikuwa ameufikiria usiku kucha.

"Tunazunguka," alisema. "Lori langu, lori la Kowalchuk, pikapu zote. Tunakwenda mpaka njia panda, tunageuza, tunarudi. Kutwa. Wataona kama wako jijini Toronto."

"Hapana," alisema Orysia.

"Hapana nini?"

"Hatuzunguki. Atakuwepo pale anatuangalia. Akiona lori moja tupu linapita mara ya pili anaondoka na neno moja tu kichwani, kwamba sisi ni wale wa mji ule mwingine." Aliweka birika chini. "Na mimi sitaki tuonekane wengi. Nataka tuonekane tulivyo. Kila mtu aende anakokwenda, kwa shughuli yake. Ila shughuli zote mlizokuwa mnaahirisha, zinafanyika Jumanne."

Walimwangalia.

"Nani ana dengu za kupeleka Brenholm?" aliuliza.

Mikono mingi ilinyooka. Dengu zilikuwa zimekauka mashambani na mashine za kuvunia zilikuwa zinanguruma kila upande.

"Mnapeleka Jumanne. Kowalchuk, mkeo ana jino."

"Ana jino tangu Pasaka," alisema Kowalchuk.

"Anakwenda kuling'oa Jumanne. Nani ana shangazi kule nyumba ya wazee Brenholm na hajamwona tangu theluji iyeyuke? Msiangaliane, nawajua kwa majina. Jumanne. Nani ana ngazi ya mtu, msumeno wa mtu, trela la mtu?"

"Wewe una keni langu la maziwa," alisema Metro.

"Utalipata. Na kila mmoja wenu atapita juu ya ule mpira. Juu yake. Si mtaroni."

Hapo meza ilipoa. Wanaume wale walikuwa wamelala nje na ng'ombe wanaozaa kwenye baridi ya kukata masikio, na wengine walikuwa na vidole pungufu kwa sababu ya mashine. Lakini Metro alikuwa anakizungusha kikombe chake tu mezani, akikizungusha na kukizungusha.

"Mimi dengu zangu bado mbichi kidogo," alisema.

Orysia alichukua dadu, akazirusha, akashindwa, akalipa kahawa ya wote.

Jumanne mashine ya kusaga ilishushwa kutoka kwenye trela lake refu mwanzoni mwa mji. Ilikuwa kubwa kama nyumba, ya manjano, na chini ya tumbo lake kulikuwa na pipa la chuma lililojaa meno. Injinia alikuwa ameulaza mpira wake pale pale pa zamani. Mbele ya mashine alisimama mwanamke aliyevaa kizibao cha kung'aa, ameshika mti wenye kibao, upande mmoja kimeandikwa simama na upande mwingine pole pole. Jina lake lilikuwa Rochelle Desjarlais, na alikuwa amefanya kazi hiyo kwenye barabara nyingi kuliko injinia.

Orysia alimwachia dada yake duka. Akaiendesha pikapu yake mpaka mahali watu walipozoea kushuka mtaroni, akaiegesha ikiwa imeyaziba yale mapito mawili ya magurudumu. Akashuka, akaegemea bamba la mbele, mikono kifuani.

Lori la kwanza lilikuwa la Metro. Lilitoka mjini likiwa limejaa dengu mpaka juu, turubali limefungwa, na nyuma yake kulikuwa na mengine, moja baada ya jingine, mpaka kwenye pampu zake. Metro alikuja polepole. Akaja polepole zaidi. Alipofika kwenye mpira akasimama kabisa, na msururu wote ukasimama nyuma yake.

Rochelle alikuwa amegeuza kibao. "Pita, mzee," aliita. "Njia ni yako."

Metro hakupita. Orysia alimwona akiangalia kulia, mtaroni, akakutana na pikapu yake. Akaangalia kushoto, kwenye shamba la watu. Kisha akatazama mbele tu, mikono miwili juu ya usukani kama mtu aliyeshikwa na polisi.

Orysia alitembea mpaka dirishani kwake.

"Vipi?"

"Mguu hautaki," alisema Metro.

"Uambie."

"Nimeuambia. Nimeuambia tangu nilipotoka nyumbani." Alijifuta mdomo. "Orysia, miaka yote hii sijawahi hata kukanyaga mpira wa bustani ya mke wangu. Huwa nauruka kwa miguu. Mimi ndiye niwe wa kwanza? Waweke mbele Kowalchuk."

"Kowalchuk hataukanyaga kabla yako. Hakuna atakayeukanyaga kabla yako. Wote wanakuangalia wewe."

"Najua wanaangalia. Watasema damu ni damu."

"Na mimi ni mjukuu wa nani?"

Metro alimgeukia.

"Mwenye haki ya kukutukana kwa ajili ya mpira ni mimi," alisema Orysia. "Si meza ya kahawa. Ni mimi. Babu yangu aliwazika wale ng'ombe. Nami nimesimama hapa nakwambia kanyaga. Huu hauna maji ndani yake, Metro. Una uongo. Umesema hatupo. Kanyaga."

Alipiga mlango wa lori kwa kiganja, mara moja, kama anavyopigwa ng'ombe anayesita langoni.

Lori lilinguruma. Gurudumu la mbele likaupanda mpira, kukatoka mlio mdogo mkavu, kisha gurudumu la nyuma, mlio mwingine, na mwingine. Dengu chache zilidondoka kutoka kwenye turubali zikarukaruka juu ya lami. Metro hakugeuka nyuma. Alipompita injinia aliinua kidole cha shahada juu ya usukani, kama wanavyosalimiana wote kwenye barabara ile, mtu anayejulikana na asiyejulikana. Injinia, bila kufikiri, aliinua chake.

Baada ya hapo walikuja. Alikuja Kowalchuk, na mkewe pembeni ameshika shavu. Yalikuja malori ya dengu, pikapu zenye ngazi za watu, gari dogo lenye wanawake watatu waliovaa vizuri na keki magotini, wakienda kwa shangazi. Ilipita mashine ya kuvunia inayohamia shamba lingine, pana kuliko barabara, na Rochelle ikabidi ashuke mtaroni yeye mwenyewe kuipisha. Kila dereva aliinua kidole. Injinia aliinua chake kila mara, maana kwenye barabara ile kutojibu ni tusi, na hata yeye alishalijua hilo. Msagaji, yule mwendesha mashine ya kusaga, alikaa juu ya mashine yake, injini imewashwa, akisubiri. Kila vumbi lilipotulia nyuma ya gari moja, vumbi lingine lilikuwa linapanda mjini.

"Hawa ni watu gani?" aliuliza msagaji kutoka juu.

"Ni wale ambao hawapo," alisema Rochelle.

Orysia aliwajua watu wake. Alijua wangepita asubuhi na wangepita alasiri, na alijua pia kwamba saa sita mchana, hata dunia iwe inaisha, mkulima wa Vesnova anakwenda kula. Kwa hiyo wiki ile ile alikuwa ameipigia simu kampuni ya mafuta, akaagiza mzigo wake wa mwezi ufike Jumanne, saa sita. Matangi yake yalikuwa yanakaribia kukauka, kwa hiyo hata hiyo ilikuwa shughuli ya kweli.

Saa sita ikafika. Gari la mwisho lilipotelea nyumbani kwake. Barabara ikawa tupu.

Wanawake wa kanisa walifika kwa miguu na sinia za pirohi, vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, vimemwagiwa vitunguu vya siagi, wakawagawia wafanyakazi. Hakuna aliyewaagiza. Watu wanafanya kazi mlangoni pako, huwezi kuwaacha na njaa, hata kama kazi yenyewe ni kukuzika. Rochelle alikula akiwa amesimama, kibao kwapani. Injinia aliangalia upande wa mjini, akaangalia upande wa Brenholm. Aliangalia tena.

"Ni tupu," alisema, kwa sauti ya mtu asiyefurahi. Akamwashiria msagaji.

Pipa lilianza kuzunguka. Mashine ikashuka taratibu mpaka meno yakagusa lami, na kelele iliyotoka ilimwingia Orysia kwenye fizi. Lami ilivunjika vipande, vipande vikawa changarawe nyeusi, na mashine ikasogea. Hatua kwa hatua ilisogea, ikiacha nyuma yake ukanda wa barabara usiokuwa barabara tena. Wanawake wa kanisa walisimama na sinia tupu. Orysia aliangalia upande wa Brenholm, ambako lami na mbingu hukutana, na hakuona kitu. Alisahau kushika mikono kifuani. Ilining'inia tu.

Alijua kabisa kwamba angeweza kuipanda pikapu yake na kupita. Ilikuwa pale, ufunguo ndani. Apite, ageuze, apite. Hakuwa na pa kwenda. Alisogea mpaka kwenye mlango wa pikapu, akaushika mpini, akauachia. Akarudi alipokuwa.

"Uko wapi wewe," alisema kwa chini, akiiambia barabara.

Kwanza lilikuwa doa linalotetemeka. Kisha doa likang'aa. Kisha likawa lori refu jeupe lenye tangi la fedha, linakuja katikati ya barabara likikwepa mashimo kwa ustadi wa anayeyajua moja moja. Dereva aliona kibao cha Rochelle, akapunguza gia, na mlio ule ambao Orysia aliusikia usingizini ukasikika mchana kweupe. Rochelle alikuwa ameshageuka kwa msagaji, mkono juu.

"Gari," aliita. "Inua."

Meno yakainuliwa. Kelele ikakatika. Lori la mafuta likapita kando ya mashine, likapita juu ya kile kipande kilichosagwa, na mawe mawili yakarushwa yakagonga chuma. Dereva alitoa kichwa nje, akayaangalia, akamwangalia Orysia na kutikisa kichwa. Kisha likaukanyaga mpira, gurudumu kwa gurudumu, kama mtu anayehesabu kwa sauti.

Injinia alikuwa amesimama karibu. Aliangalia lile tangi likiingia mjini, akaangalia yale mawe.

"Ndilo hilo," alisema.

"Ndilo hilo," alisema Orysia.

Na wakulima walikuwa wameshamaliza kula. Vumbi la kwanza la alasiri lilionekana nyuma ya kanisa. Metro alikuwa amerudi kutoka Brenholm na sasa alikuwa anakwenda tena, na mzigo mwingine, na safari hii hakupunguza hata mwendo.

Jua lilipoanza kuinama mashine ilikuwa imesaga kipande kisichotosha kuegesha malori mawili. Msagaji alizima injini, akashuka, akaomba kama kuna pirohi zilizobaki. Zilikuwepo. Injinia alikwenda kwenye nguzo, akafungua kisanduku, akakitazama kwa muda mrefu. Alipogeuka, Orysia alikuwa nyuma yake.

"Mtarudi kesho?"

"Kesho hapana. Kuna hesabu mpya, na hesabu mpya ikiwepo mashine haiwezi kurudi mpaka ijadiliwe." Alikifunga kisanduku. "Siahidi kitu, mama. Huenda wakasema bado ni wachache. Huenda wakasema mlipanga."

"Tulipanga. Kila aliyepita alikuwa na pa kwenda. Waambie hivyo hivyo."

"Wakisema mashine irudi?"

"Njoo nayo," alisema Orysia. "Utatukuta kwenye ngano. Baada ya ngano kuna kanola, mbegu za mafuta. Baada ya kanola kuna karamu ya mavuno, na watu wanatoka hata Brenholm kuja kula. Sisi tutakuwepo tu. Hiki kipande mlichokisaga tutakiziba wenyewe."

"Hairuhusiwi kuziba barabara ya serikali."

"Najua," alisema Orysia.

Injinia alivuta mnyororo wa kisanduku kuhakikisha umefungwa. Akauacha mpira pale pale ulipolazwa. Utakaa mpaka theluji ya kwanza, alisema, safari hii ili wahesabu mavuno.

Walipakia mashine juu ya trela, lililokuwa likisubiri upande wa mjini. Lile trela lilipoondoka na magurudumu yake yote, likaukanyaga mpira ule, na Metro, aliyekuwa ameegesha lori karibu na kuketi juu ya bamba la mbele kama mfalme, aliyahesabu kwa sauti mpaka akachanganyikiwa. "Hata hiyo imo," alisema. "Ilikuja kutuua, sasa imo kwenye hesabu yetu."

Wa mwisho kuondoka alikuwa injinia. Pikapu yake ya idara ilikuja polepole kutoka mjini mpaka kwenye mpira. Hapo ikasita. Kisha, kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa pikapu ya Orysia haikuwa imeziba tena, ilishuka mtaroni, ikafuata mapito yale mawili kwenye nyasi, ikaupita mpira kwa kando na kupanda tena juu ya lami. Hakutaka kuiongezea Vesnova hata gari moja lisilo lake. Aliinua kidole juu ya usukani.

Orysia aliingia katikati ya barabara na kumsimamisha kwa mkono.

"Rudi," alisema.

"Mama?"

"Rudi nyuma, upite juu. Umekula hapa, umesimama hapa kutwa, umesalimiana na kila mtu. Umepita Vesnova." Alisogea pembeni, akamwonyesha mpira. "Kanyaga."